Jinsi ya Kufanya Utafiti Mdogo Mtaani, Kuanzia Swali Hadi Kurudi Stejini

Mara ya kwanza kupewa kazi ya kuhoji watu, nilitumwa Kondele, Kisumu, nikiwa na rundo la hojaji kwapani. Swali la nne lilikuwa jepesi: "Je, huwa unavaa kofia ngumu unapoendesha pikipiki?" Kijana niliyeanza naye hakusita. "Kila siku, madam." Nikatia alama kwenye kisanduku cha ndiyo. Nilipoinua macho nikaiona kofia yenyewe. Ilikuwa imetundikwa kwenye kioo cha pikipiki, mdomo juu, imejaa maji ya mvua ya usiku uliotangulia.

Sisemi alikuwa mwongo. Alinijibu jinsi mtu anavyomjibu daktari akiulizwa kama anakula mboga. Mbele yake alisimama mwanamke mgeni mwenye beji shingoni na karatasi mkononi, pengine wa serikali, naye akanipa jibu linalomfaa mtu kama huyo. Tangu siku hiyo nimezunguka na kazi hii Kisumu, Siaya na Nakuru, na makosa yangu mengi yametokana na kusahau kwamba jibu hupewa mtu, halipewi karatasi.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi anayedaiwa mradi wa mwisho chuoni, au wa kikundi cha vijana kinachotaka kumwendea mwakilishi wadi na kitu kizito kuliko malalamiko. Nitatembea na mfano huohuo wa boda boda mpaka mwisho.

1. Punguza swali mpaka liweze kujibika

Wengi huniletea mada kama "Usalama wa boda boda nchini Kenya". Hiyo ni rafu nzima ya maktaba. Ibane kwa kuuliza: nani hasa, wapi, saa ngapi, na ni kitu gani nikikiona nitajua nimepata jibu?

Tukiibana tunapata maswali matatu tofauti. Kati ya wanaboda wanaopita mzunguko wa Kondele jioni wakiwa na abiria, ni wangapi wamevaa kofia? Hilo unalijibu kwa kusimama na kuhesabu. Wasiovaa wana sababu gani? Hapo lazima ukae chini na usikilize. Na je, wakigawiwa kofia za abiria mambo yatabadilika? Hilo ni la majaribio. Swali ndilo linalochagua njia. Anayesema "mimi nitatumia hojaji" kabla hajajua anauliza nini amenunua sufuria ya ugali na huku kumbe leo ni chapati.

Kisha fafanua maneno yako kwa matendo. "Kuvaa kofia" ni nini? Kofia iliyo kichwani lakini kamba inapepea ni kuvaa? Na ile kofia ya mjengo? Sheria ya Kenya inamtaka mwendeshaji na abiria wote wawili wavae. Je, akivaa mmoja tu unaandika nini? Amua leo ukiwa mezani, uandike. Ukiamua barabarani utaamua tofauti kila dakika. Kipimo chake ni rahisi: wasimamishe watu wawili mahali pamoja wahesabu nusu saa bila kusemezana. Tuseme mmoja amepata 40, mwenzake 31. Usilaumu macho ya mtu, rudi kwenye fasili yako.

2. Tazama kabla ya kuuliza

Hatua hii wengi huiruka, na mimi ndiyo naipenda kuliko zote. Ni ya bei ya chini na inakuonyesha ni wapi maneno na matendo yanapoachana.

Kuna mfano wa zamani kutoka hukuhuku kwetu. Miaka ya 1960 mwanaanthropolojia Carol Ember alifanya utafiti Oyugis, kati ya Waluo, akitaka kujua kama kazi anazopewa mtoto zinaathiri tabia yake. Baadhi ya wavulana walikuwa wanafanya kazi za nyumbani zilizohesabiwa kuwa za wasichana, kwa sababu nyumba yao haikuwa na msichana mkubwa wa kuzifanya. Angeweza kuwauliza akina mama, "Mwanao ni mkali?" Mama gani atasema ndiyo mbele ya mgeni? Badala yake, watoto walitazamwa wakiwa katika shughuli zao na matendo yao yakaandikwa. Wale wavulana wa kazi za ndani walionekana kuwa na ugomvi mdogo kuliko wenzao.

Ila ukitazama, nawe unatazamwa. Vaa koti linalong'aa, shika ubao wa kuandikia, simama kando ya mzunguko: ndani ya dakika tano kila kofia iliyokuwa kwenye tangi la mafuta itapanda kichwani. Nilichojifunza ni kukaa karibu na muuza mahindi ya kuchoma na kuweka punje za mahindi mabichi mfuko wa kulia. Aliyevaa, punje moja inahamia mfuko wa kushoto. Asiyevaa, inahamia mfuko wa nyuma. Kila robo saa unazihesabu na kuandika. Huandiki namba ya pikipiki, hupigi picha ya uso. Unahesabu jambo linalofanyika hadharani, basi.

Usihesabu siku moja. Jumatatu asubuhi na Ijumaa jioni ni miji miwili tofauti, na mvua ikinyesha unapata wa tatu.

3. Ukitaka kusema "kwa sababu", tahadhari

Tuseme umegundua kwamba steji (vituo vya boda boda) ambazo chama chake kina mkutano kila wiki ndizo zenye kofia nyingi. Mkono unawasha kuandika kuwa mikutano huleta usalama. Subiri kidogo. Huenda vijana wenye nidhamu ndio wanaopenda mikutano na ndio wanaopenda kofia. Huenda steji hizo ziko mbele ya kituo cha polisi.

Busia ina somo zuri kuhusu hili. Watafiti, Michael Kremer akiwa mmoja wao, walichunguza chati kubwa za kufundishia katika shule za mashambani. Walipolinganisha shule zilizokuwa nazo na zisizokuwa nazo, chati zilionekana kupandisha alama vizuri tu. Hata walipozingatia tofauti za vifaa vingine, picha haikubadilika. Kisha wakafanya majaribio: shule 178, nusu yake zikachaguliwa kwa bahati nasibu kupewa chati. Safari hii hakuna ushahidi wowote kwamba alama zilipanda. Kura ndiyo iliyoleta tofauti. Shule iliyojitafutia chati yenyewe huenda ina mwalimu mkuu mwenye bidii au wazazi wanaofuatilia, na mambo hayo hayaingii kwenye jedwali lako. Kura haimjali mwenye bidii, huwagawa sawa pande zote mbili. Kazi za namna hiyo, nyingi zikiwa zimefanywa Kenya magharibi, zilichangia Kremer kupata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo.

Wewe huna shule 178. Lakini ukiwa na steji 20 na kofia za abiria za kutosha steji 10, andika majina ya steji kwenye vikaratasi, vitie kwenye kofia mojawapo, mtoto wa muuza mahindi achote kumi. Hesabu wavaaji kabla, hesabu baada ya mwezi, pande zote mbili. Kama huwezi hata hilo, andika "yanaenda pamoja". Usiandike "yanasababisha".

4. Ruhusa na ridhaa

Ruhusa ni karatasi, na ina mpangilio wake. Mwanafunzi hupitia kamati ya maadili ya chuo, kisha huomba kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, kupitia mtandao, kisha hujitambulisha kwa ofisi za kaunti na kwa chifu. Anza mapema, kibali kinachelewa kuliko unavyodhani, na msimamizi wako atakuuliza namba yake. Ukikusanya majina au namba za simu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu. Ushauri wangu ni usizikusanye kama huzihitaji.

Ridhaa ni kitu kingine kabisa. Chifu akikuruhusu kuingia kata yake hajakubali kwa niaba ya yeyote. Na hapa pana mtego. Ukitembezwa na mzee wa mtaa nyumba hadi nyumba, watu watakujibu kwa sababu mzee yuko, au kwa sababu wanadhani unaandikisha watu wa msaada. Niliwahi kumaliza mahojiano mazuri ya saa nzima kule Nyalenda, mama akanisindikiza hadi mlangoni na kuniuliza, "Sasa unga tutaletewa lini?" Nilitaka kulia. Majibu yake yote kuhusu njaa yalikuwa yamepimwa kwa unga ule ambao haukuwepo. Siku hizi namwomba mzee anitambulishe kisha arudi kwake, na sentensi yangu ya kwanza ni: "Sigawi kitu, siandikishi mtu, na ukikataa hakuna litakaloharibika."

Masharti haya yana historia mbaya nyuma yake. Huko Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, mamia ya wanaume weusi wenye kaswende walifuatiliwa bila kuelezwa ukweli na bila kutibiwa, hata penisilini ilipokwisha kupatikana. Kwa hiyo msomee mtu maelezo yote, mwache aulize, na akisema hapana mshukuru uondoke. Kwa mtoto wa chini ya miaka 18 unahitaji idhini ya mzazi au mlezi, na bado mtoto mwenyewe akubali.

5. Sampuli: wachache wanaowasemea wengi

Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma kadi kwa watu wapatao milioni 10 kuuliza watampigia nani kura ya urais. Zaidi ya milioni 2 wakajibu, na jarida likatangaza kuwa mgombea Landon angemshinda Rais Roosevelt. Roosevelt alichukua majimbo 46 kati ya 48. Majina yalikuwa yametolewa zaidi kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, enzi ambazo maskini hakuwa na simu wala gari. Halafu wengi waliopokea kadi hawakurudisha. Wingi wa majibu hauponyi orodha mbovu.

Kondele orodha yako ni daftari la mwenyekiti wa steji. Liombe kwa heshima, na kabla ya kushangilia uliza nani hayumo. Hawamo wale wanaoachiwa pikipiki kwa saa chache usiku, mwenye nayo akienda kulala. Hao mara nyingi ndio wadogo kwa umri, na huenda ndio wasio na kofia. Watafute kwa njia nyingine, au kiri wazi kwenye ripoti kwamba hukuwafikia.

Wahoji wangapi? Ile 384 inayonukuliwa kila mahali hutokana na kutaka uhakika wa asilimia 95, na kukubali kosa la asilimia 5 juu au chini, watu wakiwa wengi sana. Ukikubali kosa la asilimia 10, wanatosha kama 96. Kupunguza kosa nusu kunakugharimu watu mara nne. Na kama steji zako zote zina wanachama 600 tu, gawanya 384 kwa jumla ya 1 na 383/600, upate kama 235. Kisha wape namba, piga kura, na wafuate walewale walioangukiwa na kura. Aliyeenda Ahero kumzika mjomba, mrudie Jumatatu. Ukimbadilisha na yule aliye karibu aliyekaa bure kivulini, sampuli yako itakuwa ya watu wanaokaa bure kivulini.

Hesabu hizi ni za kujua asilimia. Mahojiano ya kina hayana 384. Unahoji mpaka sababu mpya zikome kujitokeza, pengine watu 15, pengine 25, ukihakikisha umegusa vijana na wazee, wenye pikipiki zao na wa kukodi.

6. Kuandika maswali

Usiulize mambo mawili kwa pumzi moja. "Je, kofia ni ghali na inaleta joto?" Mwenye kuona ni ya bei nafuu ila ya joto atajibuje? Usimwekee mtu jibu mdomoni: "Unakubali kwamba kofia huokoa maisha?" Na badala ya "huwa unavaa", uliza "safari yako ya mwisho kabla ya kuja hapa, kofia ilikuwa wapi?" Huyo kijana wangu angeniambia ilikuwa kwenye kioo, tena akicheka. Neno "huwa" linamwalika mtu aeleze anavyotaka kuwa.

Uliza kwa vipimo vya watu wenyewe. Mama anayeuza omena Kibuye ukimwuliza kipato chake cha mwezi atakutajia namba yoyote ili uondoke, kwa sababu hana mwezi. Ana gorogoro (kopo la kupimia), ana gunia, ana Jumapili. Muulize tangu soko la Jumapili ameuza gorogoro ngapi, ameuza kila moja kwa shilingi ngapi, na gunia alilinunua kwa bei gani. Kupiga hesabu ni kazi yako.

Vipimo vya "nakubali sana, nakubali kiasi, sina hakika" vinachosha watu. Gawanya mara mbili: kwanza anakubali au anakataa, kisha sana au kidogo. Kwa maswali ya hisia, kama huzuni au wasiwasi, nimetumia vizibo vitano vya soda juu ya meza. "Vizibo vingapi?" Mzee asiyejua kusoma anasogeza vitatu, halafu anarudisha kimoja. Hicho anachorudisha kina habari pia, kiandike.

Lugha. Ukitafsiri hojaji kwenda Dholuo au Kiluhya, mtu mwingine ambaye hajaiona ya kwanza airudishe kwa Kiswahili. Linganisha. Pale zinapopishana ndipo wahojiwa wako wangepotea.

Na usidhani kukaa na kuulizwa maswali ni jambo la kawaida kwa kila mtu. Charles Super na Sara Harkness walifanya kazi miaka ya 1970 Kokwet, kwa Wakipsigis, nyanda za juu za magharibi. Mtoto aliposimuliwa hadithi na kuombwa amsimulie mtu mzima hadithi ileile, mara nyingi alinyamaza. Kipimo kingemhesabu mjinga. Lakini nyumbani kwao mtoto alifunzwa kusikiliza na kutenda anachotumwa na wakubwa. Kumhutubia mkubwa haikuwa desturi. Kipimo kilikuwa kinapima adabu.

7. Jaribu kwanza, kisha toka

Kabla ya Kondele, jaribu hojaji yako kwa watu 10 wa steji usiyoitafiti, tuseme Mamboleo. Pima muda. Ikizidi dakika 20 kwa mtu anayesubiri abiria, kata. Swali ambalo kila mtu anakuuliza "unamaanisha nini?" liandike upya, na lile ambalo wote wanajibu sawasawa litupe.

Siku yenyewe, epuka saa za haraka. Mwanaboda aliye wa tatu kwenye foleni atakujibu vizuri. Wa kwanza atakukimbia katikati ya swali la sita. Keti naye kando, mbali kidogo na wenzake, la sivyo watajibu naye kwa pamoja. Andika maneno yake kama alivyoyasema, kwa lugha aliyoyasemea. Jioni hiyohiyo, kabla ya kulala, soma ulichoandika na ujaze mapengo.

8. Kuingiza na kuchambua

Tulifanya kazi moja Nakuru ambapo swali lilikuwa, "Unaanza kazi saa ngapi?" Wanaboda wakasema saa kumi na moja, msaidizi akaandika 11, karani akaingiza 11:00 asubuhi kwenye kompyuta. Tukapata kundi la ajabu la watu wanaoanza kazi karibu adhuhuri, na mtu mmoja tayari alikuwa na nadharia kuhusu uvivu wa vijana. Ni saa kumi na moja alfajiri! Andika "alfajiri", "mchana" au "usiku" kila mara, na hatua ya kwanza ya uchambuzi iwe kutafuta majibu ya kushangaza na kuyarudia kwenye karatasi.

Chini ya watu 30, taja idadi kamili. "12 kati ya 20" ni kweli. "Asilimia 60 ya wanaboda" ni majivuno. Kwa pesa, tumia jibu la mtu wa katikati ukishawapanga kwa mstari, maana tajiri mmoja mwenye pikipiki tisa atakuvurugia wastani.

Kwa mahojiano ya kina, andika kila sababu kwenye kikaratasi chake, vitandaze sakafuni, anza kuvikusanya kwa mafungu. Abiria hukataa kofia iliyovaliwa na wengine, abiria ametoka kusukwa nywele, kofia inanuka. Hayo yanaweza kuwa fungu moja, la mwili na usafi, na lote linamhusu abiria. Mpe mwenzako vikaratasi vilevile avipange bila kuona mafungu yako.

9. Rudi stejini

Ripoti ya chuo itabaki chuoni. Andika ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi, jedwali moja, upeleke kwa mwenyekiti wa steji na uwasomee watu wakiwa wamekaa juu ya pikipiki zao. Waache wabishe. Kuna siku kijana mmoja alinikatiza, "Madam, hesabu yenu ni ya saa kumi na mbili. Hiyo saa askari wako hapo mzunguko, kila mtu anavaa. Mngekuja wakishaondoka." Ukiambiwa hivyo, uliza huondoka saa ngapi, andika, na kesho yake uwe hapo na punje zako mfukoni.